Kufuli la Droo ya Cherehani

Katika maisha yangu nimenunua kufuli moja tu la kumfungia mtu, na mpaka leo nikilikumbuka naona haya. Nyumba yangu ilifungwa kwa komeo la mti. Sanduku la mke wangu lilikuwa na ufunguo, lakini hilo ni la mke, halinihusu. Kufuli langu lilikuwa dogo, la shaba, na nililitia kwenye droo ya cherehani, barazani mwa duka, mbele ya watu niliofanya nao kazi miaka minne.

Ilikuwa Bagamoyo, miaka michache kabla ya vita vya pili, kwenye duka la nguo la tajiri mmoja wa Kihindi. Yeye alikaa ndani na majora yake. Nje, chini ya paa la bati, tulikaa mafundi watatu, kila mmoja na cherehani yake, kigoda chake na droo yake. Aliyekaa karibu na mlango alishona magauni na foronya. Alikuwa mtu wa Ubena, mpole, mwenye kikohozi kisichokwisha. Wa katikati alishona kaptula na suruali za kaki. Mimi wa mwisho nilishona kanzu, na si kuunga vitambaa tu. Darizi ya shingoni na kifuani niliifanya kwa mkono, kwa uzi mweupe wa hariri, na watu walitoka Saadani na Mkange kuifuata. Nayasema haya bila kujisifu. Kidogo tu.

Sasa, fundi ana vitu visivyoguswa. Mkasi wa nguo haukati karatasi. Droo ya cherehani ni sawa na mfuko wa kanzu uliyoivaa: hatii mkono mtu mwingine. Fundi wa magauni aliyajua haya akayasahau kila asubuhi. Siku moja nilimkuta anakata kucha za miguu kwa mkasi wangu, ule wa kukatia poplini. "Samahani ndugu yangu," akaniambia, "wangu butu." Nilimkaripia mpaka tajiri akatoka nje kutazama. Lakini huyo alikuwa rahisi. Ukimkaripia anatubu, na toba yake inadumu mpaka kesho.

Taabu yangu ilikuwa yule wa katikati. Alikuwa Mnyamwezi. Babu yake alishuka pwani na pembe begani, enzi za misafara, akaoa, asirudi tena bara. Yeye mwenyewe alizaliwa palepale mjini, akasoma chuo cha Kurani pamoja na watoto wa wenyeji, na Tabora hakuwahi kuiona. Lakini Mnyamwezi ni Mnyamwezi, nami ni Mzaramo, na makabila yetu ni watani tangu enzi za babu zetu. Siku yake ya kwanza pale barazani aliniuliza kabila langu, nikamwambia. Alinyoosha mkono akafungua droo yangu, akatoa muhogo wa kuchoma niliojiwekea wa saa nne, akaula wote mbele ya macho yangu, kisha akapangusa vidole kwenye kikoi changu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilidhani nitakaa hapa peke yangu."

Mwenye kuujua utani anajua kuwa hapo sikuwa na la kufanya. Mtani akichukua chako, amechukua. Akikutukana, unacheka, na ukiwa na akili unamrudishia tusi lililo bora kuliko lake. Siku ukifiwa, yeye ndiye atakayekuja kukuchekesha huku machozi yanakutoka. Kukasirika ndiyo aibu, na aibu inakuwa yako wewe uliyekasirika. Mimi Mungu ameniumba na hasira za karibu, kwa hiyo utani kwangu ulikuwa kama kufunga mwezi mzima bila kufuturu.

Miaka minne mkono wake uliishi katika droo yangu. Alichukua chaki, alichukua subana yangu ya kidoleni, alichukua tumbaku. Barua kutoka kwa shemeji yangu aliisoma kabla yangu, akanisimulia yaliyomo nikiwa bado natafuta pa kukaa. Wateja aliwaambia kuwa mimi ni mzigo ambao babu yake aliuchoka njiani akautua Bagamoyo. Nami nikawaambia wamsamehe, Mnyamwezi hajazoea kukaa mbele ya meza, amezoea kuibeba kichwani. Watu walicheka, na kazi ilikwenda.

Na lazima niseme, kwa sababu ni haki yake: sijaona fundi kama yule. Mtu alipanda ngazi za baraza, na kabla salamu hazijaisha, yule bwana alishajua kiuno chake na urefu wa paja. Futi ya kupimia aliishika kuwaridhisha wateja tu. Mifuko yake ya kaki ilidumu baada ya suruali yenyewe kuchakaa. Alikuja kwake bwana mmoja ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo, akashona suruali kwake miaka yote, na kila suruali ilikatwa mguu mmoja mfupi kuliko mwingine, kiasi kwamba akisimama pindo zote mbili zinagusa viatu sawasawa. Yule bwana hakuwahi kuambiwa. Mimi nilijua kwa kuwa niliona kitambaa kikikatwa. Nilipomuuliza, aliniambia nishughulike na makanzu yangu. Mdomo ule uliomchafua kila Mzaramo mjini haukumtaja yule bwana hata siku moja, na hilo nililistahi tangu wakati huo, ingawa sikumwambia.

Basi macho yangu yakaanza kupungua. Ajabu yake, mbali niliona vizuri. Mnazi wa ng'ambo ya soko niliuona mpaka madafu yake. Lakini tundu la sindano lilianza kujificha, na mwaka uliofuata likatoweka kabisa. Kushona niliweza, maana darizi nilikwishaijua kwa vidole. Kutia uzi kwenye sindano ndiko kulikonishinda. Nilinunua miwani ya mitumba sokoni, ikanitia kizunguzungu tu.

Ungeniuliza kwa nini sikusema. Kigoda nilichokikalia kilikuwa cha fundi mwingine kabla yangu, mtu hodari aliyenifunza nusu ya ninachokijua. Macho yake yalipoharibika, tajiri hakumfukuza. Alimpeleka ghalani nyuma kushona magunia kwa shazia, ile sindano nene, na huko akakaa gizani na vumbi lake mpaka watu wakasahau kuwa aliwahi kuwa fundi wa kanzu. Mimi nilikuwa nikipita mlangoni pale kila siku. Niliapa kuwa mimi gunia sitalishona.

Siri yangu niliijua mimi na mke wangu. Kila alfajiri baada ya sala aliketi karibu na mlango penye mwanga, akatia uzi wa hariri katika sindano, akazichomeka kwenye kitambaa cheusi, nami nikakikunja na kukificha drooni chini ya chaki. Uzi ukiisha kwenye sindano moja, naichomeka tupu upande wa pili wa kitambaa, natwaa nyingine. Sikuwahi kuzihesabu. Niliingiza mkono nikapata sindano yenye uzi, asubuhi na jioni, nikamshukuru Mungu kwa mke mwenye subira.

Adhuhuri tulikwenda msikitini, mimi na fundi wa magauni. Mtani hakuja. Alisema ataswali palepale nyuma ya duka, na kweli aliswali, lakini mimi sikuacha kumsema kwa uvivu wa kuikimbia swala ya jamaa. Siku moja nikarudi mapema kwa kuwa nilisahau kofia yangu ya kuswalia. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda changu. Droo yangu iko wazi. Kanzu yangu iko mapajani mwake, na kitambaa cheusi kiko mkononi.

Akaruka akasimama. "Mtani," akasema, "nilikuwa natafuta muhogo."

Sijui nilisema nini chote. Nilijua tu kwamba ameziona sindano, na mtu yeyote mwenye akili akiona sindano zote hizo zimetiwa uzi tayari atajua mwenyewe haoni. Nililiona ghala. Nilimwambia utani una mwisho, na kazi si utani, na mtu aliyelelewa vizuri hafungui droo ya mwenzake. Nilimwita mwizi, si kwa kicheko, na fundi wa magauni aliyekuwa amenifuata akasikia, na watu waliokuwa wakipita wakasikia. Mtani alikiweka kitambaa mahali pake, akakunja kanzu yangu vizuri, akarudi kwenye kigoda chake.

Jioni ile nilinunua kufuli. Seremala alinigongea pete mbili kwenye droo, na asubuhi nikakaa kazini na ufunguo shingoni kwa kamba. Mtani alilitazama lile kufuli kwa muda. Mzaramo kumfungia Mnyamwezi mlango ni jambo ambalo hata babu zetu, waliovurugana kweli, hawakulifanya baada ya kupatana.

"Haya," akasema. "Umenizika."

Kuanzia hapo alinitendea adabu. "Asalaam aleikum, fundi." "Umeamkaje, fundi?" "Niwie radhi, fundi, nipite." Akipungukiwa na chaki alishuka kwenda kuinunua. Wateja hakuwaambia habari za mzigo wowote. Tena akaanza kwenda msikitini adhuhuri pamoja na watu wote, akiwa wa kwanza kusimama adhana ikisikika, nami nikajiambia kuwa kufuli limemfaa hata katika dini yake. Miaka minne nilikuwa nimeomba amani barazani pale. Nilipoipata, sikuweza kuivumilia. Muhogo wangu niliula peke yangu na haukuwa na ladha.

Siku ya kwanza ya kufuli, sindano ziliniishia kabla ya adhuhuri. Nikadhani mke wangu amechoka, amepunguza. Siku ya pili zikaisha mapema vilevile. Alasiri zote mbili nilijifanya napiga pasi, nalainisha vitambaa, natafuta chaki. Nilirudi nyumbani na hasira, nikamuuliza kwa nini ananiharibia kazi.

"Nimekuharibia nini?" akasema.

"Sindano. Siku hizi unatia chache."

Alikuwa anapepeta mchele, hakuacha. "Mimi natia kumi na mbili, bwana. Ndizo sindano tulizo nazo. Tangu siku ya kwanza ni kumi na mbili."

Nilimwambia haiwezekani. Akaniambia nihesabu mwenyewe. Nikahesabu kwa vidole: kumi na mbili. Nililala bila kuelewa, na ukweli ni kwamba sikutaka kuelewa.

Juma lile tajiri aliniita ndani. Alikuwa ametandaza kanzu mbili juu ya meza yake. "Fundi," akasema, "shingo hizi zimepinda. Miaka yote hujanipindia shingo. Una nini?" Nilisema nina homa. Akaniambia kuna bwana wa Mkange anamwoza mwanawe Ijumaa, kanzu ya bwana harusi anaitaka Alhamisi alasiri, na darizi yake iwe nzito mpaka kifuani. Kama homa haijaniacha, alisema, yuko fundi Dar es Salaam anayetafuta mahali, na mimi atanipumzisha ghalani kazi nyepesi. Alisema kwa upole. Upole ule ndio ulionitisha zaidi.

Alhamisi nilianza mara jua lilipotoka. Nilishona kama mtu anayefukuzwa. Shingo ikaisha, nikateremka kifuani, na sindano ya kumi na mbili ikaisha uzi wakati adhana ya adhuhuri inaanza. Kimebaki kifua nusu. Fundi wa magauni akasimama, mtani akasimama, akaniambia, "Fundi, huendi?" Nikasema nitaswali hapahapa. Aliitazama ile kanzu, akanitazama mimi, akashuka ngazi.

Nikabaki peke yangu. Nilitoa sindano moja nikaulowesha uzi mdomoni. Nikaielekeza sindano kwenye mwanga wa njia. Nikaiweka juu ya kitambaa cheusi. Nikaisogeza mbali mpaka mkono ukaisha. Nilijaribu labda mara thelathini, na kila mara uzi ulipita kando ya chuma na kunyooka kwa raha zake hewani. Jasho lilianza kudondokea hariri. Nilifikiria kumwita mpita njia, lakini mpita njia ana mdomo. Nilifikiria kukimbia nyumbani, lakini mke wangu alikuwa amekwenda shamba. Nikakaa nikalia, na nasema hivi wazi kwa sababu wote walioweza kunicheka wamekwisha kufa.

Ndipo macho yangu yakaangukia droo ya mtani. Haikuwa na kufuli. Miaka minne alikuwa ameingia kwangu kama kwake, nami sikuwahi hata siku moja kufungua droo yake, ingawa haki ilikuwa sawasawa. Nilijiona bora kuliko kufanya hivyo. Nikajisemea pengine ana sindano yenye uzi wa kaki, nitajaribu kuufunga wa kwangu nyuma yake niuvute upite tunduni. Nikafungua.

Mlikuwa na chaki, kipande cha nta, na mkasi wake mkubwa. Chini ya mkasi palikuwa na kitambaa cheusi kilichokunjwa. Nilikikunjua. Sindano zilikuwa zimepangwa safu mbili, na kila moja ilikuwa na uzi. Niliupitisha uzi vidoleni, maana vidole vyangu havikunidanganya kamwe. Ulikuwa wa hariri. Nikautoa nje kwenye jua nikauona ni mweupe.

Fundi wa kaptula hana kazi na hariri nyeupe. Hata siku moja.

Nilisimama pale na kitambaa mkononi, na mambo yote yakanijia kwa mpango. Sindano zisizokwisha jioni. Adhuhuri zake za kubaki nyuma. Kanzu mapajani mwake, akininyooshea mishono, na shingo zilizoanza kupinda mara tu nilipomfungia droo. Miaka miwili nilidhani namficha mji mzima macho yangu, kumbe aliyekuwa amekaa dhiraa mbili kutoka kwangu alikuwa akiona kwa niaba yangu, na hakutaka nijue, kama alivyotaka yule bwana wa mguu mfupi asijue.

Nilikaa nikashona. Sijawahi kushona darizi nzuri kama ile, wala sitashona tena. Waliporudi kutoka msikitini nilikuwa nimebakiza mistari miwili. Kitambaa chake kilikuwa wazi juu ya cherehani yangu, na sindano tupu nimezichomeka upande wa pili, kama desturi yangu. Fundi wa magauni alipita akikohoa, hakuona kitu. Mtani alisimama.

"Mwizi," akasema taratibu.

"Hizi za nini?" nikamuuliza. "Wewe fundi wa kaptula, hariri unaishonea nini?"

"Za kushonea mdomo wa Mzaramo. Nimeona sindano moja haitatosha."

"Nimekufungia droo. Kwa nini uliendelea kuzitunga?"

Aliketi kwenye kigoda chake, akavuta kipande cha kaki, akakilaza chini ya sindano ya cherehani yake.

"Mkono umezoea," akasema. "Sasa asubuhi, kabla hujafika, unatafuta sindano zako. Nitauambia nini?"

Nilitaka kumshukuru. Maneno yalikuwa tayari, mazito, na nilijua kwamba nikiyatamka nitamvunjia heshima kuliko nilivyomvunjia kwa kufuli, kwa kuwa mtani hashukuriwi kama mgeni. Nikauvua ule ufunguo shingoni, nikafungua kufuli, nikachukua bisibisi ya cherehani nikang'oa pete zote mbili. Kisha nikatoa muhogo wangu, ambao siku hiyo sikuwa nimeugusa, nikauweka juu ya meza yake.

Akautazama. "Umepoa," akasema. "Kuku."

Ndiyo faini aliyonitoza. Nilimpelekea kuku Jumamosi, jogoo mzima, na akawaambia watu wote sokoni kuwa nimemletea jogoo mzee kwa sababu Wazaramo hula vifaranga wenyewe. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Tajiri aliipokea ile kanzu, akaipitishia kidole kifuani, akasema homa imeondoka. Habari za ghala hazikutajwa tena. Fundi wa Dar es Salaam hakuja, na nilishona kanzu barazani pale miaka mingine tisa, mpaka nilipopata miwani ya haki hospitalini nikaweza kutia uzi mwenyewe. Siku niliyorudi nayo usoni, mtani alinivua, akaivaa yeye, akatazama wapita njia na kusema sasa anaelewa kwa nini Wazaramo hawaoni mbele. Lakini adhuhuri ile sindano zangu nilizikuta zimetiwa uzi vilevile, na sikumwambia aache.

Kitu kimoja bado. Ile Alhamisi jioni nilimsimulia mke wangu kila kitu, mpaka kile kilio. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mtu wa watu," akaenda kuinjika chai. Alfajiri alinipa kitambaa changu kama kawaida, na nilipokikunjua barazani nikaona nyuzi ni chache. Nikahesabu kwa vidole. Sita zilikuwa na uzi. Sita nyingine alizichomeka upande wa pili, tupu, zimepangwa vizuri zikimngoja mtani.